Zege la Valdecir na Maswali ya Mwalimu

Jumapili ile asubuhi, majirani zetu wote walikuwa madirishani wanakunywa kahawa na kututazama. Mume wangu Valdecir alisimama mlangoni na mabeleshi kumi. Watu wa kuyashika tulikuwa wawili, yeye na mimi.

Ilikuwa siku ya kumwaga zege la paa letu. Binti yetu Jucilene alikuwa na mimba ya miezi minane, na chumba chake kilikuwa hakina kitu juu ila mbingu. Mvua zilikuwa zimekaribia. Na zege haligawanywi mafungu. Likianza asubuhi, limalizike siku hiyohiyo, la sivyo litapasuka.

Huku kwetu mlimani zege humwagwa na majirani. Hakuna anayelipwa. Unakula maharage meusi na nyama ya nguruwe, unacheka, unangoja zamu yako. Lakini Jumatano Valdecir alipita nyumba kwa nyumba akitangaza: "Safari hii hakuna sufuria! Kila mtu nampa pesa yake mkononi, aende zake. Mambo ya kisasa!" Maskini, alidhani anafanya ukarimu.

"Wavivu hawa!" alinung'unika sasa pale mlangoni. "Pesa ipo na hawaji!"

Nikamfuata Mwalimu Marluce, nyumba ya pili chini yetu, atusaidie kujua kosa liko wapi. Yeye ndiye anayetufundisha sosholojia, yaani elimu ya jamii, sisi watu wazima wa shule ya jioni. Kusema kweli, darasani nilikuwa naitikia kwa kichwa tu, sielewi kitu. Alikuja na ndala, nywele kazifunga kitambaa.

"Valdecir, kumwaga zege pamoja kuna kazi gani hapa mtaani?"

"Kufunika nyumba, mwalimu. Swali gani hilo?"

"Na nini tena?"

Valdecir akajikuna kichwa. "Basi, watu hukutana. Vijana hujifunza kuchanganya saruji. Waliogombana hupokezana ndoo, mwishowe wanapatana."

"Enhe! Jamii ni kama mwili, kila kiungo kina kazi yake. Kuitazama hivyo huitwa mtazamo wa uamilifu. Wewe umekata kiungo, halafu unashangaa mwili hautembei."

"Jamani, si nimetoa pesa?"

"Haya, twende kwenye pesa. Jirani yako Mzee Otoniel akipewa sahani ya chakula baada ya zege, huwa anajisikiaje?"

Mzee Otoniel mwenyewe akajibu kutoka dirisha la pili, masharubu yakimcheza. "Najisikia jirani! Nilimwaga zege la baba yako, Valdecir. Leo unanilipa kama kibarua? Ala!"

"Mwambie, mzee!" wakapiga kelele wa madirisha mengine.

Mwalimu akacheka. "Huo ndio mtazamo wa mwingiliano kwa ishara. Maana ya kitu tunaitengeneza sisi wenyewe tunapohusiana. Sahani ilikuwa inasema, 'wewe ni mwenzetu.' Pesa yako imesema jingine kabisa."

Valdecir akanywea. "Mzee wangu, nisamehe. Sikukusudia kukudharau." Kisha akanigeukia. "Neuza, haraka, teleka maharage!"

Hapo nikapandwa na hasira. "Niteleke? Kila zege la mtaa huu wanawake tunaamka alfajiri kupika. Jioni mnajisifu kwamba wanaume wamemwaga zege! Kufuta sufuria umeamua wewe, kurudisha sufuria umeamua wewe. Nani aliniuliza mimi?"

Mwalimu akapiga makofi. "Mama Neuza! Huo ni mtazamo wa mgogoro! Nani ananufaika, nani anaumia, nani ana sauti? Mwezi mzima darasani hukujibu, leo umejibu mtaa mzima umesikia!"

"Sijamaliza," nikasema. "Maharage nitateleka. Lakini yakishaiva naingia kwenye mstari wa ndoo. Na sufuria utaosha wewe, Valdecir."

Wanawake walipiga vigelegele. Mzee Otoniel alishuka wa kwanza na ndoo yake. Jirani mmoja akaleta nyama, mwingine mchele, na wanaume wawili wakakatakata sukuma wiki, vibaya sana. Kufika saa sita tulikuwa watu thelathini, ndoo zikipita mkono kwa mkono. Saa tisa zege lilikuwa limekamilika, limelala sawasawa.

Jioni Valdecir alikuwa kwenye sufuria kubwa, mafuta hadi viwikoni.

"Haya," mwalimu akamchokoza, "katika mitazamo hiyo mitatu, upi ni wa kweli?"

Valdecir akafikiri huku anasugua. "Wa kwanza umenirudishia watu. Wa pili umenifundisha kuomba radhi. Ningeufukuza hata mmoja, leo tusingekuwa na paa."

"Na wa tatu?"

"Wa tatu huu hapa, mwalimu, nausugua. Hautakati!"

Mvua ilinyesha Alhamisi. Jucilene alilala chumbani mwake kutwa nzima, miguu juu ya mto, asidondokewe na hata tone moja. Nilikaa kando yake, nikamshika tumbo, nikalia kwa furaha.