Kaka Aliniita Mlevi Mbele ya Wateja

Damu ilikuwa inachuruzika shingoni mwa mteja... na wembe uko mkononi mwangu!

"Umelewa!" Kaka alifoka. Saluni ni yake. Vinyozi wote wakageuka.

"Kaka, sijalewa!"

"Unanuka!"

"Ni spiriti ya kusafishia mashine!"

Akanivua aproni mbele za watu. "Damu ya Baba hiyo! Mlevi huzaa mlevi. Toka!"

Jamani... nilitoka kama kuku aliyenyeshewa.

Naapa, pombe sijawahi kuionja. Ila mkono wa kulia ulikuwa unacheza wenyewe, hata nikiwa nimekaa tu. Mwaka mzima moyo mzito, nalia bila sababu. Siku hiyo nilizunguka chumbani... dirishani, mlangoni, dirishani tena.

Kaka aliporudi tukagombana tena, hadi Mama akachoka na kelele zetu, akamwambia: "Mpeleke dada yako hospitali, akapimwe!"

Daktari alinitembeza ukumbini, Kaka akitazama, akanikunja mkono, akaniambia nigonganishe vidole.

"Dalili hizi ni za Parkinson," alisema. "Ugonjwa wa ubongo. Huzuni inaweza kutangulia."

"Mbona mimi bado kijana?"

"Mara chache huwapata vijana. Kuna koo zinazourithi. Na watafiti wanachunguza kama vinasaba vya ugonjwa huu vinagusa pia huzuni na ulevi. Kwenu kuna anayetetemeka? Anayekunywa?"

"Marehemu Baba. Alitetemeka, tukasema ni pombe."

"Na walio hai?"

"Hakuna."

"Yupo," Kaka akasema.

Nikageuka... machozi yanamtiririka!

"Ni mimi, daktari. Kila asubuhi nakunywa chooni, kabla sijafungua saluni. Nisipokunywa, natamani nisingeamka."

Wapenzi wasomaji, hebu fikirini! Huyu huyu aliyekataza hata mvinyo kwenye harusi yake!

Nilikuwa na maneno ya kumchoma, tena makali. Nikayaacha. Nikamshika bega.

"Daktari, usimwache aondoke hivi hivi. Anza na yeye."

Leo nameza dawa, nanyoa kwa mashine. Wembe nimewaachia wenzangu. Kaka anaonana na mshauri. Kuna siku anateleza, ananipigia simu, naenda.

Ndugu yangu unayesoma, mtu akitetemeka usimpe jina. Mpeleke hospitali. Na yule anayepiga kelele kuliko wote... muulize taratibu, "Na wewe, asubuhi unaamkaje?"