Betri ya Mama Mkwe wa Cate

Kabura wa mtaa wa Pioneer, Eldoret, hakuwa mtu wa kuogopa vivuli. Alilelewa shambani Ainabkoi, akazika wazazi wote wawili, na mambo ya mapepo aliwaachia wahubiri wa redio. Kilichomnyima raha ni stima. Mumewe Wahome alikuwa ameharibika mapafu, na pumzi yake ilitoka kwenye mashine ya oksijeni iliyonguruma kando ya kitanda usiku na mchana. Stima ikipotea, mashine inanyamaza. Mashine ikinyamaza, Wahome anaanza kufa.

Kwa hivyo kina mama wa kanisa walipokuja kumwona mgonjwa, Jumamosi moja yenye jua zuri, hawakuleta unga na sukari peke yake. Cate aliteremsha betri kutoka kwa boda boda, nyeusi, nzito, imefungwa kwa leso. Ilikuwa ya mama mkwe wake, ambaye naye alipumulia mashine hadi alipofariki. "Imetusaidia sana kwetu," Cate akasema, akipangusa macho makavu. Kina mama wakaiwekea mikono, wakaiombea kwa sauti hadi majirani wakachungulia. Zawadi iliyoombewa namna hiyo hairudishwi.

Fundi Ismail alipokuja kufunga inveta, kifaa cha kugeuza nguvu za betri kuwa stima, aliitazama betri hiyo kando ya mpya aliyonunua Kabura, akakunja uso.

"Mama, usichanganye ya zamani na mpya. Hii mzee itakunywa mwenzake. Tafuta ingine, ziwe za umri mmoja."

"Imeombewa, Ismail. Jumapili wakiniuliza iko wapi, niwaambie nini?"

Ismail akatingisha kichwa. Akaziunganisha hapo kwenye korido, mpya na ya zamani ubavu kwa ubavu, maana inveta ile haikuwaka bila betri mbili. Kabura akamshukuru, akampa chai. Alikuwa amechagua kutoaibika mbele ya watu, na kwa hilo mtu hawezi kumlaumu sana, maana wengi wetu tungefanya vivyo hivyo.

Stima ilipopotea mara ya kwanza, inveta ilishika vizuri. Mashine haikukohoa hata kidogo. Lakini muda si muda betri zilikuwa zimeisha nguvu, na stima iliporudi Wahome alikuwa ameshaanza kutweta. Kabura akampigia Ismail simu, naye akaja, akachomoa friji, redio na taa zote, akabakisha mashine ya oksijeni peke yake. Akazima swichi kubwa kujaribu. Akatazama kioo cha inveta. Akakitazama tena.

"Umeficha mashine ingine wapi?"

"Sina ingine."

"Hii inveta inabeba mbili, Mama. Mashine mbili sawasawa." Ismail akakusanya vyombo vyake haraka, akasema atarudi na betri mpya. Hakukaa kunywa chai.

Kabla hajarudi, mvua ikanyesha. Mvua ile ya alasiri ya Eldoret, yenye mawe. Transfoma ya mtaa ikalipuka kwa kishindo, na watu wa stima wakasema wasitarajiwe kabla ya kesho. Kabura akasimama kwenye korido, mkono kifuani. Inveta ilikuwa imeshika. Chumbani mashine ilivuta na kutoa, kama kawaida yake.

Kisha akasikia nyingine ikivuta.

Haikutoka chumbani. Ilitoka chini, miguuni pake, kwenye betri. Pumzi ya mtu mzima, yenye makohozi. Wahome akivuta, nayo inavuta. Wahome akikosa, hiyo inashiba.

Kabura akakimbilia kitandani. Midomo ya mumewe ilikuwa imeanza kugeuka rangi, na mrija ulikuwa puani vizuri, haukuwa umekunjika popote. Akarudi kwenye korido. Angechomoa ile betri, lakini inveta ingezimika na mashine pamoja nayo. Akapiga magoti kwenye sakafu baridi.

"Shosho," akamnong'oneza marehemu mama mkwe wa Cate. "Tafadhali. Mwachie mume wangu."

Pumzi ikatulia. Kisha sauti, nyembamba, ya mtu aliyebembeleza hadi akachoka.

"Niitie Cate."

Hapo ndipo Kabura alipojua ni kwa nini betri ililetwa, tena mbele ya mashahidi, tena ikaombewa. Hasira ikampanda. Akachukua simu.

"Cate, kuja tuombe. Wahome amezidiwa."

Cate hakuishi mbali. Alikuja na mwavuli na Biblia, akavua viatu mlangoni kwa heshima zote. Kabura akampitisha kwenye korido, akabaki nyuma yake. Pumzi ikaanza tena pale chini, ya haraka haraka sasa, ya furaha.

Cate akasimama. Biblia ikamponyoka.

"Cate," sauti ikasema. "Niongezee hewa."

"Hapana," Cate akasema. "Hapana, hapana. Kabura, nisikize. Alikuwa anasumbua. Niongezee, niongezee, kila siku! Nilichomoa mashine tu nipumzike kidogo. Kidogo tu! Nikarudi nikampata..." Akageuka. "Hiyo betri ilikuwa inapumua kwangu. Ningefanya nini nayo?"

"Ukaniletea mimi."

"Nilidhani maombi yataitoa!"

Kabura akarudi nyuma hatua moja, akaingia chumbani kwa mumewe. Akafunga mlango wa korido. Mlango wa mbele alikuwa ameshaufunga na ufunguo ulikuwa mfukoni.

Cate akagonga. Akagonga kwa viganja, kisha kwa ngumi. Akamwita Kabura dada. Akawataja watoto wake kwa majina.

Kitandani, midomo ya Wahome ikaanza kupata rangi.

Cate akapiga kelele. Kelele ikakatika katikati, kama mtu aliyekosa hewa ya kuimalizia. Wahome akavuta pumzi ndefu. Akafumbua macho.

"Ni nani huyo?" akauliza.

"Lala."

"Fungua, Kabura." Alisema polepole, akimtazama mkewe. "Mama watoto. Mfungulie."

Kabura akamshika mkono, ukawa na joto ambalo hakuwa amelisikia kwa miezi. Akabaki ameketi. Mlango ukakwaruzwa chini, karibu na sakafu. Taratibu. Kisha ukaachwa.

Kwenye korido ikasikika pumzi moja tu, ya kikongwe, pana na ya kuridhika. Halafu hata hiyo ikaisha. Mashine iliendelea vizuri hadi stima iliporudi.

Daktari alisema ni moyo. Kabura alisema Cate alianguka wakiomba, na watu wakamwonea huruma kwa kuona msiba mwingine nyumbani mwake. Wahome hakupinga. Alipumua vizuri, akala vizuri, na tangu siku hiyo hakumwita tena mkewe kwa jina lolote.

Kina mama walipoenda mochari kumvalisha Cate, Kabura alienda nao, maana kukosa kwake kungeulizwa. Walipofunua shuka, aliyekuwa mbele akarudi nyuma. Kwenye mashavu ya Cate palikuwa na mifereji miwili iliyoingia nyamani, kutoka puani hadi nyuma ya masikio. Ngozi ya mifereji hiyo ilikuwa ngumu na nyeusi, kama ya mtu aliyevaa mrija kwa miaka mingi. Cate hakuwahi kulazwa kitandani hata na mafua.

Wote wakamgeukia Kabura, kwa kuwa ndiye aliyejua alama za namna hiyo huletwa na nini. Kabura akachukua kopo la poda akaanza kuzifunika, akapaka, akaongeza, poda ikaisha kopo zima, na mifereji ikabaki vile vile.