Jina Lililorukwa kwenye Orodha ya Ijumaa

Jumapili moja alasiri, ndugu zangu wa Busia, wa huku Uganda na wa ng'ambo ya Kenya, jirani yangu Mangeni alikuwa barazani akimenya karanga na mkewe Loy. Mimi Anjeline niliwaona nikianua nguo, nikafurahi. Loy ni daktari wa kifua kikuu. Kazi yake ni kuwatafuta wachimba dhahabu, wavuvi na wachuuzi wanaoanza dawa upande mmoja wa mpaka kisha wakapotelea upande wa pili. Kumwona ametulia nyumbani halikuwa jambo la kila siku.

Simu ikalia. Mgonjwa mmoja wa machimbo ya Tiira alikuwa ametoroka akaacha dawa zake. Loy akasimama, akakung'uta maganda kwenye nguo.

"Mama Daphine, kuna kitu nilitaka kukwambia," Mangeni alisema.

"Nikirudi," Loy akajibu, akapanda gari.

Alirudi Jumatano. Mangeni hakusema tena, naye Loy hakukumbuka kuuliza.

Msinielewe vibaya. Wapo watu wengi wanaopumua leo kwa sababu ya mwanamke huyu. Ni yeye aliyeanzisha orodha ya Ijumaa: kliniki za Kenya humtumia majina ya wagonjwa wa Uganda waliokatiza dawa, naye huwapigia simu mmoja mmoja. Alikuwa akianza na wa mbali, wa Tiira na wa Majanji, maana hao hupotea upesi. Wa mjini, alikuwa akisema, watapatikana tu.

Binti yao Daphine yuko shule ya bweni, naye Loy alilala safarini siku nyingi, kwa hiyo Mangeni alikula peke yake. Nyumba zetu zinagusana, na nilimsikia akiwasha redio, akiizima, akiiwasha tena. Halafu nikaanza kumsikia akikohoa. Juma la kwanza, la pili, mwezi ukaisha. Suruali ikampwaya mpaka akaifunga kwa kamba. Na mimi, mwenye mdomo huu unaomsema kila mtu mtaani, nikanyamaza. Nilijiambia, mkewe ni daktari wa kifua, mimi nani wa kumfundisha? Muuza mkaa alijiambia hivyo hivyo. Kanisani watu walihama benchi lake, nao wakajiambia hivyo hivyo. Mtaa mzima tulikisikia kikohozi kile, kila mmoja akidhani Loy amekisikia kabla yake.

Ijumaa moja Loy alikuwa Majanji, ameketi mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kando ya dagaa walioanikwa. Wa mbali alikuwa amekwisha kuwapigia, akafika kwenye jina alilokuwa akiliruka kwa majuma sita: Moses Odwori, Busia Uganda, alikunywa dawa miezi miwili akaacha. Hakumjua mtu huyo. Akabonyeza namba yake, na kwenye kioo cha simu likatokea jina aliloliandika mwenyewe miaka mingi nyuma: Baba Daphine.

Alinisimulia kwamba alidhani amekosea. Akabonyeza upya, tarakimu moja moja, likatokea jina lile lile.

Mangeni alipokea. Alikohoa kwanza.

"Ni wewe Odwori?" Loy aliuliza.

"Ni mimi. Nilivuka Kenya, nikajiandika jina ya babu. Sikutaka watu waseme daktari anatibu dunia, na nyumba yake iko na ugonjwa. Dawa nilipoona nimepata nguvu, nikaacha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja unisikie mwenyewe."

Loy alimkuta ameinamia beseni lenye damu. Akampeleka hospitali ya Tororo, na kwa siku kumi na moja hakuondoka kando ya kitanda, barakoa usoni, akimnywesha dawa kwa mkono wake. Simu yake aliizima. Siku ya nane Mangeni alimwambia kwa sauti ndogo, "Hata hizi siku chache, nimefurahi." Siku ya kumi na moja damu ilirudi kwa wingi, akafariki.

Tulipimwa sote, mimi, Daphine na Loy mwenyewe. Hakuna aliyekutwa mgonjwa, na kwa hilo nashukuru.

Loy hajaacha kazi. Ijumaa namsikia akiwapigia watu, na sasa anaanza na wa mjini. Akimaliza huwasha redio, akaizima. Namba ya mumewe hajaifuta. Nami humbishia mlango kumwuliza amekula nini, na mara nyingi hajala.

Funzo

Wewe unayehudumia watu, uwe daktari, mwalimu au mchungaji, anza na wanaolala chini ya paa lako. Kikohozi kikipita majuma mawili, nenda ukapimwe, kwa jina lako la kweli, na dawa uimalize hata ukijiona mzima. Hakuna aibu katika kuugua. Na sisi majirani tuache kudhani kwamba mwenye nyumba anajua. Bisha hodi, useme. Kati yangu na Mangeni palikuwa na ukuta mmoja tu, na sikusema.