Aliyeshika Mtungi

Siku ya kwanza Wachira kumwona Munyiva, nusura amtandike kofi.

Kitengela siku ya soko haina adabu. Mikokoteni, punda, mama wa nyanya, malori ya kwenda Namanga, na pikipiki zinazopenya mahali ambapo hata kuku angefikiria mara mbili. Wachira aligeuza pikipiki yake ghafla kukimbilia abiria ng'ambo ya barabara. Alipotupa jicho begani, akakuta basi jeupe lenye mistari ya kijani limefunga breki karibu limguse. Hakuwa amelisikia kabisa. Lilikuwa basi la umeme, na basi la umeme halingurumi.

Akashuka, akaenda kugonga dirisha la dereva kwa ngumi. "Fungua. Fungua nikuonyeshe."

Dirisha likafunguka, akakuta mwanamke. Shati la kijani lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama, kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani, hereni za duara, na uso usio na haraka ya kumwogopa mtu.

"Unionyeshe nini?" Munyiva akauliza. "Vioo vyako viko wapi?"

Wachira akaitazama pikipiki yake. Kama wenzake wote wa bodaboda, aling'oa vioo vya pembeni siku aliyoinunua, kwa sababu vioo hukwama kwenye foleni.

"Sisi hutumia masikio," akasema. "Lori ikikuja nyuma unaijua, probox unaijua, kila gari iko na sauti yake. Yako inanyemelea watu kama mchawi."

"Basi leo mchawi amekuhurumia. Toka njiani, niko na watu."

Waendesha boda wenzake wakacheka hadi wakashikana mabega. Na yeye, mwenyekiti wa steji yao ya bodaboda, mtu ambaye akikohoa vijana wanazima injini, akabaki anatabasamu katikati ya barabara kama mjinga. Mapenzi hayana haya, yanaweza kuanzia hata kwenye matusi.

Namba ya simu aliipata kwa ujanja. Alijifanya anataka mkataba, pikipiki zao ziwe zinapokea abiria wa basi na kuwafikisha mitaani. Sacco ya Munyiva, chama chenye mabasi hayo, ikafurahi sana, maana ilikuwa na malengo yake yamepakwa rangi kwenye ukuta wa ofisi: moshi upungue, kelele zipungue, akina mama wasitukanwe wakipanda gari, mwenye kiti cha magurudumu apandishwe kama binadamu na si kama gunia la viazi. Malengo mazuri, mimi sibishani nayo. Munyiva aliyaamini kuliko hata wale walioyaandika. Alikuwa ametoka kwenye malori ya mchanga, ameshinda miaka akikohoa dizeli na kutukanwa, na hili ndilo gari la kwanza lililomfanya aone fahari kusema kazi yake.

"Dere wangu, umefika Kajiado?" Wachira angepiga simu adhuhuri.

"Nimefika. Na mimi si wako."

"Bado. Umekula?"

"Nimekula. Wewe, chairman, leo umegombana na nani?"

"Na moyo wangu. Nikikuoa utanipikia muthokoi?"

"Nitakupikia, halafu utaosha sufuria."

"Mimi, chairman mzima?"

"Sufuria haijui chairman ni nani."

Jumapili walikuwa wakikutana Kajiado mjini, Munyiva kwa gauni la manjano lililombana kiunoni, Wachira kwa jaketi la ngozi lililomchemsha jasho na hataki kulivua. Wakila nyama, wakichekana. Jumapili moja Wachira akaacha kutafuna.

"Munyi, mwambie meneja wenu aweke mlio kwa hiyo basi. Hata kidogo. Mtu wangu atagongwa."

"Na wewe waambie watu wako warudishe vioo."

Wote wawili walijaribu. Meneja, bwana mmoja aitwaye Nick, alimwambia Munyiva kwamba mlio ni kelele, na lengo la sacco ni kupunguza kelele, kwa hivyo wataangalia baadaye. Nao vijana wa stejini walipoambiwa habari ya vioo walicheka. Roy, aliyekuwa na kifua kipana na hasira za karibu, alisema vioo ni vya wasichana. Pale steji nzima pikipiki moja tu ilirudishiwa vioo, ya Wachira, na hiyo ilikuwa ni mapenzi, si usalama.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Asubuhi moja, kijana wa boda aitwaye Katee aligeuza pikipiki mbele ya basi la Munyiva bila kutazama nyuma. Masikio yake yalimwambia barabara iko wazi. Munyiva alikanyaga breki kwa mguu wote, lakini basi lilimchukua Katee kiunoni, likamtupa, na pikipiki ikamwangukia mguu. Mfupa ulipovunjika, hata abiria wa kiti cha nyuma waliusikia.

Bodaboda wana sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika: mwenzenu akigongwa, gari linachomwa. Nani alikosea, hilo haliulizwi. Honi zililia, na kabla Munyiva hajafungua mkanda, pikipiki zilikuwa zimelizunguka basi pande zote. Jiwe la kwanza liliingia kwa kioo cha mbele. La pili likampata mzee mmoja mdomoni. Watu wakaanza kutokea madirishani, mama akimrusha mtoto kwa mikono ya mtu asiyemjua.

Munyiva alivutwa kwa kola, akashushwa kichwa kwanza. Teke likampata mbavuni. Mtu akampiga na helmeti juu ya nyusi, damu ikamjaa jicho, na kitambaa chake cha kichwa kikakanyagwa kwenye vumbi. "Nimefunga breki," alikuwa akisema, "nimefunga breki." Lakini pale hakuna aliyekuwa akisikiliza mtu.

Ndipo alipomwona Wachira, na moyo wake ukasema, amekuja, nimepona. Akapangusa damu atazame vizuri. Wachira alikuwa amesimama kwenye mlango wa basi. Mkononi ameshika mtungi wa manjano, petroli ikimdondoka vidoleni.

"Wachira," akaita.

Wachira hakugeuka. Abiria wawili wakamburuta Munyiva nyuma ya duka la mabati, na akiwa pale chini akausikia moto ukishika.

Polisi walipomuuliza kama alimtambua mtu yeyote, alikuwa ameshonwa nyusi na hata kulia alikuwa amemaliza.

"Mmoja namjua," akasema. Akataja jina la Wachira lote, la ubatizo na la babake, na akawaambia anapoishi.

Hawakwenda nyumbani kwake, walimpata hospitalini mikono yote miwili imefungwa bandeji. Afande akacheka. "Mikono imeungua hivi, tutafute ushahidi gani mwingine?" Wachira akawaambia mara moja tu kwamba mtungi alikuwa anauondoa. Kisha akauliza ni nani aliyemtaja. Walipomwambia, akageukia ukuta, na toka hapo hakusema tena neno la kujitetea, hata mbele ya hakimu. Akapelekwa rumande Kajiado kungoja kesi. Kuchoma gari lenye watu si mchezo, na shahidi mkuu alikuwa Munyiva. Neno lake likisimama, Wachira angezeekea ndani.

Wiki iliyofuata sacco iliyawekea mlio mabasi yaliyobaki. Ndivyo tulivyo, dawa tunanunua baada ya matanga.

Munyiva alichemka kwa hasira. Nzula, msichana aliyekuwa kondakta wake, alikuja kulala kwake ili asilie peke yake.

"Kula kidogo, mpenzi."

"Alikuwa ananiita dere wangu, Nzula. Kumbe anataka kunichoma kama takataka."

"Ulimwona akiwasha?"

"Nilimwona na mtungi. Wewe unataka nini zaidi?"

Nzula alimsogezea sahani. Lakini swali halikutoka tena kichwani mwa Munyiva, na hasira ikaanza kumwelemea mwenyewe.

Alimwendea Katee hospitalini kumwomba msamaha wa mguu. Alimkuta mguu umeninginizwa kwa uzito, uso umekonda. Walisalimiana kwa Kikamba. Kisha kijana akasema, "Dada, mimi nilikuwa chini, lakini macho yalikuwa wazi. Roy alikuja na mitungi miwili. Chairman alimnyang'anya mmoja pale mlangoni. Walipigana, ikamwagika. Akaukimbiza mpaka mtaroni. Roy akawasha ule mwingine, na moto ukamfuata chairman kwa mikono, kwa sababu ilikuwa imelowa petroli."

Munyiva akashika kitanda. "Na hukuwaambia polisi?"

"Roy tunaishi ploti moja. Mamangu ako pale. Nikisema, watachoma nyumba."

Ee Mungu wangu. Mwanamke yule alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za hospitali, akalia kwa sauti mbele za watu, bila kujali nani anamtazama. Alikuwa amempeleka jela mtu aliyeungua kwa ajili yake. Na alijua akienda polisi na neno la kusikia, bila shahidi, wataona ni mwanamke aliyegeuza neno lake kwa ajili ya mapenzi.

Siku ya pili akaenda stejini mchana kweupe, uso bado umevimba. Vijana walikuwa wamekalia pikipiki zao.

"Mnajua ni nani alileta petroli," akawaambia. "Mimi nilidanganya bila kujua. Nyinyi mnadanganya mkijua. Chairman wenu anaozea ndani na nyinyi mnatafuna miraa. Nani atakuja na mimi polisi?"

Hakuna aliyeinua macho. Roy akashuka. "Mama, nenda nyumbani."

"Nitaenda na wewe. Polisi."

Roy akamzungushia helmeti usoni. Jino likatoka na damu. Munyiva akaanguka, na Roy akampiga tena akiwa chini, mara nyingine, na nyingine, mpaka Ndambuki, mkubwa wao kwa umri, akasema, "Roy, imetosha." Roy hakuacha. Ndambuki akamchota miguu.

Na hapo aibu yote waliyokuwa wameimeza ikapata pa kutokea. Rungu, buti, mnyororo wa pikipiki, kila mtu akampiga Roy kana kwamba ndiye peke yake aliyenyamaza. Roy akalia kama mtoto. Mmoja akafungua tangi akachovya kitambaa. Mwingine akaja akiviringisha tairi kuukuu. Watu wale wale, na petroli ile ile.

Munyiva akatambaa. Akapita katikati ya miguu yao, akamlalia Roy juu, mgongo wake kwao.

"Toka hapo, dere."

"Sitoki. Nichomeni na mimi."

"Huyu ndiye karibu akuue."

"Najua. Wachira aliungua ili nisichomwe, na mimi nikamfunga. Siongezi mwingine."

Aliyeshika kiberiti alikuwa kijana aliyezoea kubeba abiria wa basi lake kila jioni. Alimtazama yule mwanamke aliyetapakaa damu na petroli, akakirudisha kiberiti mfukoni. Tairi likaachwa likaanguka. Roy alipofikishwa kituo cha polisi alisema yote kabla ya kuulizwa. Ndambuki na wengine wakaandikisha walichokiona. Katee naye akafuatwa kitandani.

"Madam, unajua kutoa habari ya uongo ni kosa?" afande akamwambia Munyiva. "Tunaweza kukushtaki."

"Andika tu, afande. Andika nilikosea."

Siku Wachira alipoachiliwa, Munyiva alifika Kajiado mapema, amevaa lile gauni la manjano. Lilimpwaya. Lango likafunguliwa, Wachira akatoka, mikono imefungwa, mashavu yameingia ndani. Akamwona, akasimama mbali kidogo.

"Nani alikupiga hivyo?" Hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza.

"Roy."

"Nitamuua."

"Hapana. Mimi nimechoka na hiyo maneno."

Wachira akatazama chini. "Ulinitaja, Munyi."

"Nilikutaja."

"Ulifikiria naweza kukuchoma."

"Niliona mtungi, ndio peke yake niliona. Ningekutazama wewe ningejua. Nisamehe, na kama huwezi, sema, nitasikia."

"Huko ndani nilikuchukia."

"Sana?"

"Asubuhi, sana. Jioni nilikuwa nashindwa."

Munyiva alitaka kucheka, akalionea aibu pengo la jino, akaziba mdomo. Kisha akaushusha mkono. "Wachira, nioe."

"Na hii mikono? Daktari amesema vidole vingine havitakunjika tena. Klachi siwezi kushika."

"Mimi niko na kazi. Nitaendesha."

"Na siku moja ukiniona tena mahali pabaya, nimeshika kitu kibaya? Utaenda polisi?"

"Nitakuuliza wewe kwanza."

Wachira akainua uso. "Hilo ndilo nilikuwa nangoja," akasema. "Pole nimesikia nyingi." Akamsogelea, akaweka paji la uso begani mwake, kwa sababu mikono haikuweza kumkumbatia, akalia pale pale mbele ya askari wa lango.