Paneli Iliyovalishwa Nguo

Cherehani ilianza kunguruma mapema, kama kila siku. Bwana Futi aliinama juu yake, futi ikining'inia shingoni. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu futi yake ya kupimia nguo haikumtoka shingoni hata akienda kulala. Chumba kilijaa vitambaa vya bluu. Alikuwa anashona sketi za shule, na shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu.

Kabla ya adhuhuri mota ya cherehani ilisita, ikalegea, ikanyamaza.

"Tena?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Tena."

Umeme wa kawaida ulikuwa wa mgao. Nchi nzima ilitegemea bwawa moja, na mvua zilikuwa zimegoma. Maji yakipungua bwawani, mitambo ya kufua umeme hupunguza kazi, na mitaa hupokezana giza. Ndiyo maana Bwana Futi alinunua paneli ya sola na betri. Mwanzoni alitamba mtaa mzima. Lakini tangu jua la kiangazi lianze kuwaka, betri ilikuwa ikiisha mapema.

"Nimeuziwa feki," alisema. "Naitoa jenereta yangu stoo."

Mkewe alitokea mlangoni, mwiko mkononi. "Ile ya moshi? Ikiingia humu, mimi natoka. Kifua changu bado hakijapona."

"Na mwalimu mkuu nimwambie nini? Sketi zisipofika Ijumaa, kazi anampa fundi mwingine. Na ya mwakani pia."

Mkewe aliweka mwiko chini. Alimpigia simu mdogo wake, fundi wa sola.

Shemeji alifika na ngazi begani. Alipima betri, akakagua waya moja moja. Vyote vilikuwa vizima. Akapanda juu ya paa. Mara kikasikika kicheko.

"Shemeji! Paneli umeivalisha sketi?"

"Si sketi, ni kifuniko," Bwana Futi alijibu kutoka chini, amekunja uso. "Naifunika jua likiwa kali, naifunua jioni."

"Kwa nini?"

"Mimi maisha yangu ni vitambaa. Najua jua la mchana linavyopausha rangi. Ile bluu ya paneli ikipauka, si nguvu nazo zitaisha?"

Kilikuwa kifuniko kizuri cha kitambaa kilekile cha bluu cha sketi, kimepigwa pindo na kutiwa kamba kila pembe. Shemeji aliusifu mshono kwanza, ndipo akakifungua.

"Sikiliza, shemeji yangu. Paneli haipauki kama kitambaa. Imetengenezwa ikae juani miaka na miaka. Chakula chake ni mwanga, na mchana ndipo inaposhiba. Wewe unaiziba mdomo chakula kikiwa mezani, unaiachia vyombo vikishaoshwa!"

Mkewe alicheka mpaka akashika mlango. Bwana Futi aliona haya, kisha naye akacheka.

"Kiangazi hiki kinachokausha bwawa ndicho kinachotupa jua la kumwaga," shemeji aliendelea. "Tulitumie. Adui wa paneli ni vumbi na kivuli. Ifute asubuhi ikiwa bado ya baridi, kwa maji na kitambaa laini. Na pasi unaichomeka wapi?"

"Hapo hapo kwenye betri."

"Acha kabisa. Pasi inakula umeme kuliko cherehani. Piga pasi umeme wa mgao ukirudi. Na betri usiiache iishe kabisa, itakufa mapema."

Kuanzia kesho yake cherehani ilinguruma mpaka jioni. Jenereta ilibaki stoo, imefunikwa gunia. Ijumaa mwalimu mkuu alichukua mzigo wake wote, akaagiza na mashati.

Bwana Futi alibakiza sketi ya binti yake tu, na kitambaa kilikuwa kimekwisha. Alijua kipande kilichopungua kilikwenda wapi. Alikichukua kile kifuniko, akakifumua, akakikata, akashona.

Jumatatu asubuhi binti alijigeuza mbele ya kioo.

"Baba, mbona sketi yangu imepauka?"

"Ilikaa juu ya paa, mwanangu."

"Ilikuwa inafanya nini huko?"

Bwana Futi alitoka mlangoni, akaiangalia paneli juu ya paa. Bluu yake ilikuwa ileile ya siku aliyoinunua.

"Ilikuwa inakula chakula cha mwenzake," alisema, akaenda kutafuta kitambaa cha kufutia vumbi.