Siku Jipu Lilipopimwa Mlimani

Kila asubuhi kabla ya shule, Maryori, msichana wa miaka kumi na miwili, alipanda jipu, gari kuukuu la baba yake, Eliécer, wakaenda kukusanya magunia ya kahawa kwenye miteremko ya San Evaristo. Kila waliposimama, baba alisema neno moja tu: "Jiwe!" Maryori akaruka chini na kusukuma jiwe nyuma ya gurudumu, maana breki ya mkono ilikuwa imechoka.

Mwaka uliotangulia, jipu hilo liliporomoka peke yake hadi kwenye kona ya kanisa, likamgonga Bi Ofelina aliyekuwa akiuza mikate ya mahindi. Alivunjika nyonga, na tangu siku hiyo hajatembea. Baba aliwaambia watu kwamba jiwe liliteleza. Maryori peke yake ndiye aliyejua ukweli: alikuwa ameona uvivu kubeba jiwe kubwa, akaweka dogo la ukubwa wa ngumi.

Tangu hapo, darasa likinyamaza, alisikia matairi yakisaga changarawe nyuma yake. Aligeuka, hakuona kitu. Hata akiosha vyombo aliyasikia yakija polepole.

Siku ya ukaguzi wa magari, baba alimnong'oneza, "Leo ufunge mdomo. Nitaacha gia ndani. Halitasogea hata likisukumwa na fahali."

"Lakini baba, breki..."

"Wewe nawe! Bila cheti tutakula nini?"

Mkaguzi alikuwa mama mmoja mfupi aitwaye Nohemí. "Hili linavutwa na magurudumu yote manne," alisema, "kwa hiyo silipimi kwenye mashine ya kuzungusha magurudumu. Lipandishe kwenye mteremko ule. Vuta breki ya mkono, weka gia huru, kisha uondoe mguu."

Baba alivuta breki, akautikisa mkono wa gia bila kuitoa gia, akazima injini. Jipu likatulia tuli. Nohemí akapita nyuma kutazama taa.

Maryori akamwona amesimama pale nyuma, na matairi yakaanza kusaga masikioni mwake, kwa nguvu kuliko siku zote.

"Mama, toka hapo!" alipiga kelele. "Gia iko ndani! Breki haishiki!"

Nohemí aliruka pembeni. Kisha akamwambia baba ashuke, akaingia mwenyewe kwenye jipu, akakanyaga breki ya mguu, akatoa gia na kuinua mguu taratibu. Jipu likaanza kurudi nyuma. Akalisimamisha.

"Limeshindwa, Bwana Eliécer."

"Umenichoma, mtoto wewe!" baba alifoka.

"Ni mimi niliyemwumiza Bi Ofelina!" Maryori alilia. "Niliona uvivu, nikaweka jiwe dogo. Kila siku nayasikia matairi, baba."

Baba akakaa chini kwenye saruji.

"Mwaka mzima umebeba hayo peke yako?" aliuliza. "Mwanangu, mimi nilijua breki imekufa, nikakupa wewe kazi yake."

Jioni ile walikwenda kwa Bi Ofelina, wakamweleza yote. Bibi akamgeukia baba.

"Mtoto mdogo hivi ndiye azuie gari? Aibu yako, Eliécer! Na wewe binti, njoo hapa karibu. Kesho uje unisaidie kukanda unga."

Baada ya wiki mbili, fundi alipokwisha kufunga breki mpya, jipu lilisimama mlimani kwa gia huru bila kusogea hata inchi moja. Nohemí alibandika cheti kwenye kioo, kisha akamwita Maryori kando.

"Uvivu wako ulikuwa kosa, na kuuficha kumekutesa," alimwambia. "Ukiona hatari, iseme siku ileile, hata kama anayekosea ni mkubwa wako. Mkubwa atakukasirikia jioni moja tu. Aliyeumia huumia miaka."