Kimo cha Borafya

Alasiri ilikuwa imeshakwisha nilipochukua kisu na kamba nikashuka bondeni kukata ukindu. Ilikuwa kaskazi ya mwaka 1969, na jua la mwaka ule lilipasua ardhi. Ukindu hukatwa wakati huo, kwa sababu ukiuanika siku chache tu unatoka mweupe.

Ndivyo maisha yangu yalivyokwenda, mimi Kazija, msusi wa mikeka chini ya kilima cha Masingini. Kaskazi nakata na kuanika. Masika najifungia ndani nasuka ukili, ile mikanda mirefu inayoungwa kuwa mkeka, maana unyevu huulainisha ukindu. Kipupwe nachemsha rangi na kushona. Vuli napanda kilimani kutafuta magome ya rangi, na siku nyingine natembea tu, natazama majani yalivyopangana, nipate nakshi mpya. Mikeka yangu ilitandikwa vyumbani mwa maharusi mpaka Jang'ombe.

Njia ya bondeni nilikuwa nikiipita na mdogo wangu, Mwanapili. Mwaka huo nilikuwa napita peke yangu.

Miaka mitatu nyuma, jirani yetu Borafya alimposa Mwanapili awe mke wa pili, akakataliwa. Masika ya mwaka uliofuata, mtoto wa Borafya alikufa kwa homa. Kabla matanga hayajakunjwa, Borafya akasimama mbele ya watu akasema kamwona Mwanapili alfajiri, yu uchi, anazunguka nyumba yake. Watu hawakuuliza mara mbili. Walivunja mlango wa mdogo wangu mvua ikinyesha, naye akakimbilia kilimani. Siku ya tatu tulimkuta kwenye kijito cha bondeni, kalala kifudifudi.

Hakuna mwanamke aliyekubali kumwosha pamoja nami. Nilimwosha mwenyewe, nikimtoa majani kwenye nywele, moja moja. Nilipotoa mkeka wa kumbebea, wachache waliokuja kumzika wakasema mkeka wa nyumba ya mchawi hawaushiki. Wakamfunika magunia ya karafuu.

Mdogo wa msusi wa mikeka. Magunia.

Basi jioni ile nilikuwa nimeinama kwenye shina la mkindu. Ndege walikuwa wanapiga kelele. Mara wakanyamaza, wote kwa pamoja.

"Kazija."

"Naam," nikaitika kabla sijageuka.

Mwanamke alikuwa amesimama hatua tano nyuma yangu. Mrefu, mtu mzima, sura siijui. Harufu yake ilinifikia kwanza... tope, na majani yaliyooza majini. Kanga zake zilikuwa zinachuruzika maji. Kijito kilikuwa kimekauka tangu mwezi uliopita, na mvua hatukuiona tangu vuli.

Nikamwamkia. Akaniwekea miguuni mzigo wa ukili uliokwisha kusukwa, mweusi, mweusi kuliko rangi yoyote niliyopata kuichemsha.

"Nshonee mkeka," akasema kwa sauti ndogo.

Nikamuuliza wa kimo gani. Akanipa kamba yenye fundo kila upande. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa. Nikamuuliza ni wa nani.

"Mtu wako alikwenda bila mkeka," akasema. "Huyu asende hivyo."

Akanipita, akapanda mteremko wa kilima. Nilimtazama mpaka miti ikammeza. Nyuma yake, kwenye udongo mkavu, yalibaki matone ya maji.

Ningeweza kuuacha mzigo ule pale pale. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini nilijitwika, nikaenda nao nyumbani.

Kesho yake nikatia uzi kwenye shazia, ile sindano nene ya mikeka, nikaunga ukili wa kwanza na wa pili. Ukili ule ulikuwa baridi mkononi. Ndani ya joto lile la kaskazi, ulikuwa baridi.

Asubuhi iliyofuata nikasikia kisimani kwamba Borafya kaamka nyayo hazina hisi.

Sikufikiri kitu. Nikaunga wa tatu. Zikasikika habari kwamba miguu yake imekufa mpaka magotini. Hapo nikaacha kushona siku nne, nikauvingirisha mkeka nikausimamisha pembeni. Siku nne hizo ugonjwa wake haukupanda hata kidogo.

Siku ya tano nikaunga ukili mmoja. Nilitaka kujua.

Jioni wakasema Borafya hawezi kukaa kitako.

Nikajua. Na sitasema uongo, nilicheka. Nilikaa peke yangu sakafuni, mkeka mweusi mapajani, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Tangu hapo nikawa nashona polepole, ukili mmoja kwa juma, ili aone kila kiungo kinavyomuaga.

Mkeka ulibakia kutiwa taraza tu, ule mshono wa kufunga ukingo, alipokuja Tabia, mke wa Borafya. Alikuwa kakonda, macho mekundu. Hakukaa. Alisema mumewe kashakufa ganzi mpaka shingoni. Wamempeleka hospitali ya mjini, daktari hakuona ugonjwa. Wamemwendea mganga Makunduchi, naye kasema hilo si jini la kupungwa, kuna kitu kinashonwa.

"Kama ni wewe, Bi Kazija," akaninong'oneza, "nakuomba ukifumue. Mimi nshazika mtoto. Sina tena."

Nilimwambia nitakwenda kumwona mumewe, na mbele ya kitanda chake nitasema la kusema.

Nilikwenda saa ya adhuhuri. Chumba kilinuka ubani, na chini ya ubani kulikuwa na harufu ya tope. Borafya alilala chali. Kilichosogea mwilini mwake ni macho na midomo. Aliponiona alianza kulia, na mkono wa kufuta machozi hakuwa nao.

Nikamwuliza kama alimwona Mwanapili alfajiri ile.

"Skumwona," akasema. "Skuona mtu."

Nikamwambia ayaseme hayo mbele ya watu. Alipepesa macho kukubali. Tabia akatoka mbio kuwaita waliokuwa wanatoka msikitini, wakajaa mlangoni na dirishani, wengine ni wale wale waliovunja mlango wa mdogo wangu. Borafya akasema yote kwa sauti iliyokuwa inakatika. Kwamba alikataliwa akaona haya. Kwamba mtoto wake alikufa kwa homa, na alilijua hilo tangu mwanzo. Watu wakatazama chini. Mzee mmoja akasema, Mwenyezi Mungu amrehemu Mwanapili. Wengine wakafuata.

Nilichokuwa nakitaka kwa miaka miwili nilikuwa nimekipata. Tabia akanishika mkono, nikamwapia mbele ya watu wote kwamba nikifika nyumbani naufumua.

Nami nilikusudia kweli. Nilikaa mlangoni kwenye mwanga wa jua, nikautandaza mkeka, nikatafuta mshono wa kuanzia. Nikachomeka ncha ya shazia chini ya uzi.

Kitu kikadondoka mkekani.

Tone la maji.

Sikuinua kichwa. Harufu ilikuwa imesimama juu yangu. Nikaliona tone la pili, na la tatu, na ndani ya la tatu jani dogo lililooza, kama yale niliyomtoa Mwanapili kwenye nywele.

"Kasema kweli," nikanong'ona. "Watu wameshamsikia."

Hakuna aliyenishika mkono, hakuna aliyenilazimisha, na hili nataka lieleweke. Nililitazama lile jani kwa muda mrefu. Kisha nikageuza shazia, nikatia taraza, ukingo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilipofunga fundo la mwisho, kilio cha Tabia kilisikika kutoka nyumbani kwake.

Nyumba ile haikuwa na mkeka mzima. Wakatumwa watu kwangu, nikawapa ule mweusi. Waliomlaza juu yake walisema umemwenea kama umepimwa, haukuzidi hata kidole.

Yule mwanamke hakurudi. Nilimuulizia Dole, Kizimbani mpaka Bububu, hakuna anayemjua. Kikongwe mmoja tu aliniambia kwamba zamani, kabla mama yangu hajazaliwa, kuna mwanamke mwingine alifukuzwa kijijini kwetu akafia kwenye kijito kile. Nilipomuuliza jina, akasema hawalitaji, akaniomba nimwache apumzike.

Siku ya tatu ya matanga, Tabia aliwaacha wenzake akaja kukaa karibu yangu. Aliishika mikono yangu yote miwili. Alisema anajua niliufumua, nilivyoapa, na kwamba mumewe alikuwa keshachelewa, hiyo ni amri ya Mungu. Alisema hakuna mwingine kijiji kizima aliyemtendea wema kama mimi.

"Mungu akulipe, Bi Kazija," akasema. "Akulipe sawasawa na ulivyotutendea."

Wanawake wote walikuwa wananitazama, wanasubiri.

"Amin," nikasema.